Upinde Alionipa Baba Mkwe

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka 1995, jua halijatoka, nilipoteza mshale mmoja wenye manyoya ya kanga. Aliondoka nao nguruwe pori dume, umemwingia mahali ambapo mshale haupaswi kumwingia mnyama yeyote. Mshale wenyewe si kitu, mtu hutengeneza mwingine. Lakini sisi tuliokuwa tukilinda mashamba kwa upinde, huku milimani kati ya Kibondo na Kasulu, tulikuwa na sharti moja: mnyama akiondoka hai na mshale wako, wewe si mwindaji tena mpaka umpate. Hushiki upinde, huketi na wenzako kwenye kikao. Na yule dume alielekea bondeni, kwenye matete yaliyo kando ya njia ya maji. Kila asubuhi wanawake wa kijiji chetu walipita njia hiyo wakiwa na ndoo, na mke wangu alikuwa mmoja wao.

Vijana wangu, mnapenda kuniuliza habari za kazi ile kana kwamba ilikuwa sinema. Haikuwa. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa kimya juu ya siafu bila kujikuna. Bwana wanyamapori wa wilaya alikuwa ameturuhusu watu wachache kuwapiga nguruwe na nyani wanaomaliza mahindi na mihogo, kwa masharti: hakuna mitego ya waya, hakuna sumu kwenye mshale, na kila mnyama aandikwe kwa mtendaji wa kijiji. Mshahara haukuwapo. Tulilipwa kwa mahindi ya waliovuna, na mwaka ambao nguruwe walivuna kabla yao, tulilipwa kwa maneno. Leo sheria ni kali zaidi, na ni sawa. Asikwambieni mtu kwamba mimi nimewatuma porini. Ninawaandikia namna tulivyofanya, basi.

Wengi nitakaowataja hapa wamekwenda. Baba mkwe alifia Kabanga, hospitali. Mke wangu, Mama Yona, ana miaka kadhaa sasa tangu atutoke. Yeye nitamtaja kidogo kidogo, maana nikimtaja sana kalamu itasimama.

Aliyenifundisha kazi ni huyo baba mkwe, Mzee Gwasa. Kwa Kiha tunasema databukwe, na neno hilo likishatamkwa mgongo unanyooka wenyewe. Kwa databukwe hupigi kelele, humtaji jina, hubishani. Sasa fikirini kujifunza kulenga shabaha mbele ya mtu ambaye huwezi hata kumwambia "sijaelewa". Akisema jambo mara moja, mimi naitikia "Ndiyo, baba," kisha nakwenda kumuuliza mwanawe Bukuru, shemeji yangu, lilikuwa na maana gani. Bukuru naye, kwa kuwa shemeji ni wa kutaniwa, alinipa majibu ya uongo kwanza, akacheka mpaka akashika tumbo, ndipo akanipa ya kweli.

Mwezi wa kwanza sikupewa mshale. Nilipewa kitambaa chenye majivu. Unakitikisa kidogo, unaangalia majivu yanakwenda wapi. Yakienda kwa mnyama, rudi nyumbani ukalime. Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake ingeweza kukusomea ulichokula juzi. Mwezi wa pili nikapewa mishale butu na shina la mgomba la kulenga. Mzee alinionyesha mgomba uliokwisha kutoa ndizi, uliokuwa unangoja kukatwa. Alfajiri iliyofuata, kwa bidii ya mkwe mpya, nikaenda kabla yake, palikuwa na ukungu, nikapiga mishale sita katika mgomba uliokuwa kando yake. Mgomba huo ulikuwa na mkungu mkubwa, na mama mkwe alikuwa anauhesabia siku kwa ajili ya pombe ya ubatizo. Jua lilipotoka, nikamwona mama mkwe amesimama mbali, kitenge mdomoni. Kwa heshima hakuweza kunitukana. Kwa heshima nami sikuweza kumwomba radhi uso kwa uso. Tulisimama hivyo mpaka Bukuru akaja, akaitazama ile mishale, akasema: "Mama, usilie. Angalau amelenga."

Mzee alikuwa na masharti ya vifaa, na mpaka leo sijaona yaliyoyashinda. Mshale wa kuwindia usiwe na miiba. Wahunzi wengine walipenda kuuzia watu vyembe, vile vyuma vya ncha ya mshale, vyenye miiba ya nyuma, vinatisha kweli ukivitazama. Mzee alivikataa. "Mshale uingie na uweze kutoka," alisema. "Ukikosea, mnyama abaki na jeraha. Asibaki na chuma." Chembe chake kilikuwa kipana, bapa, kimenolewa kwenye jiwe la mtoni mpaka kinanyoa malaika ya mkono. Ukisikia mtu anasema makali si muhimu kwa kuwa upinde wake una nguvu, mhurumie mnyama wake.

Umbali ulikuwa hatua ishirini. Si ishirini na tano. Mnyama awe amesimama, amegeuka kidogo kukupa ubavu, mguu wa mbele umetangulia, nawe ulenge nyuma ya bega. Anayekimbia, mwache. Jike mwenye watoto, mwache, hata kama amelala katikati ya mahindi yako na anakoroma.

Na upinde. Hapa ndipo penye kisa. Mzee alisema upinde wako ni ule unaoweza kuuvuta mpaka shavuni na kuushikilia kwa muda wa kusali Salamu Maria nusu ya kwanza, taratibu kama kanisani, bila mkono kutetemeka. Maana nguruwe hakungojei kwa sababu umeshavuta. Anaweza kusimama nyuma ya jani moja, nawe unangoja apige hatua. Mkono ukichoka utaachia kwa kuchoka, na hapo upinde ndio uliokuchagulia wakati.

Upinde wangu wa kwanza niliuchonga mwenyewe kwa mti wa mkole. Ulikuwa mfupi na Bukuru aliuita chanuo, lakini niliuweza. Kisha Yona, mtoto wetu wa kwanza, akabatizwa, na siku hiyo mbele ya watu wote Mzee akanipa upinde wake mwenyewe. Mrefu, mweusi kwa mafuta na moshi wa miaka mingi, mnene katikati kama mkono wa mwanamume. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga goti, nikaupokea kwa mikono miwili.

Jioni nikaujaribu nyuma ya nyumba. Nikavuta mpaka shavuni nikaanza: "Salamu Maria, umejaa ne..." Mkono ukaanza kucheza ngoma. Nikajaribu tena. Nikafika "neema". Zaidi ya hapo sikufika, si siku hiyo, si mwezi ule.

Kijana wa leo atasema, si ungeurudisha? Katika ukoo ule, kitu ambacho baba mkwe amekupa mbele ya watu hakirudishwi. Kumrudishia ni kama kumwambia aje achukue na binti yake. Wala huwezi kusema ni mzito, maana hapo umesema mkwe aliyempata ni mwepesi. Na kuukwangua ili ulainike? Ungeweka kisu kwenye mti ambao mikono ya databukwe imeulainisha miaka thelathini? Basi nikaamua kwamba mkono wangu ndio utakaokua. Kila jioni nilivuta, kila usiku bega liliwaka moto. Mama Yona akinikanda kwa maji ya moto nilimwambia ni jembe.

"Jembe gani hilo," akauliza, "linaloumiza bega moja na vidole vitatu?"

"Jembe jipya."

"Baba Yona, nitamwambia baba."

"Usithubutu."

"Basi endelea kulima," akasema, akaminya pale penyewe palipouma.

Nisisahau kuwaambia habari za upote, ile kamba ya upinde, kwa sababu wengi wenu mtakosea hapo. Ya asili ilikuwa ya kano za mnyama, nzuri sana kiangazi. Masika inakunywa maji, inalegea, mshale unatoka kama mgonjwa. Miaka ile vijana wajanja walianza kutumia waya wa breki ya baiskeli. Unalia vizuri, ping! Kisha unakata kisigino cha mshale, pale kinapokaa kwenye kamba, na siku moja unapasua upinde wenyewe. Bukuru alifanya hivyo. Kipande kilimpiga juu ya jicho, akabaki na baiskeli isiyo na breki katika nchi ya miteremko. Dawa ilitoka kambini Mtabila. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wanasokota nyuzi za nailoni za magunia ya chakula, kamba nyembamba isiyojali mvua. Tulibadilishana kwa mihogo. Mzee aliicheka wiki nzima. Wiki ya pili nikaiona kwenye upinde wake, ameipaka masizi ionekane ya zamani.

Sasa Jumamosi ile. Nilikuwa nyuma ya kichuguu pembeni ya shamba letu la mahindi, Bukuru amelala chali nyuma yangu. Majivu yalikuja usoni kwangu, vizuri. Dume akatoka kwenye mahindi, mkubwa, manyoya ya mgongo yamesimama. Hatua ishirini. Nikavuta. Akasimama, lakini bega limefichwa na mabua mawili. Nikangoja. Mkono ukaanza. Nilijua. Hili nataka mlisome mara mbili: nilijua kwamba mkono umekwisha, na kwamba kazi yangu ni kushusha upinde taratibu na kumwacha aende zake akale mahindi yangu. Sikushusha, kwa sababu Bukuru alikuwa ananitazama. Mnyama akapiga hatua, vidole vikaachia vyenyewe, na mshale ukamwingia tumboni, nyuma kabisa.

Tulikaa chini. Hata ukipiga vizuri, unakaa kwanza. Kisha Bukuru akaenda pale mnyama alipokuwa amesimama, akarudi na jani. Damu ikiwa nyekundu yenye povu, umepiga pafu, mnyama yuko karibu na amekufa. Jani hili lilikuwa na damu kidogo nyeusi, na uji wa kijani. Bukuru akalinusa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Shemeji," akasema, "huyu ana maumivu na ana hasira. Na ameshika njia ya maji."

Nikamwambia akimbie kwa baba, ng'ambo ya pili ya bonde, kwa njia ya juu isiyopita kwenye matete, mwendo wa nusu saa kwa mwenye miguu yake. Mimi nikakimbia nyumbani. Mama Yona alikuwa tayari na ndoo. Nilimweleza kwa maneno kumi. Hakuniuliza hata moja. Alikwenda akasimama katikati ya njia, pale inapoanza kushuka, mwiko mkononi, akawazuia wanawake wote. Nilimsikia kutoka mbali.

"Mama Yona, tupishe! Watoto wanataka uji!"

"Wapeni viporo."

"Nguruwe wa mume wako ndiye atupangie chakula?"

"Nguruwe wa mume wangu ana meno kuliko wewe. Keti chini, dada. Kama una haraka, pita, nami nitakulelea watoto."

Wakaketi. Walinung'unika, wakasukana nywele, lakini hakuna aliyepita.

Mzee alifika amevaa shati la kanisani, Bukuru nyuma yake anatweta. Wingu lilikuwa limeshafunika milima ya upande wa Kasulu. Nikamwamkia, "Mwakeye, databukwe," nikampa lile jani. Akalitazama. Akautazama upinde. Akanitazama mimi.

"Ulishikilia mpaka wapi?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari. Mabua, ukungu, nguruwe alistuka. Lakini wanawake walikuwa wameketi njiani na ndoo tupu kwa ajili yangu.

"Mpaka kwenye 'neema', baba. Sijawahi kufika mbele ya hapo. Tangu uliponipa."

Bukuru akageuka kutazama mahindi. Ngurumo ikapiga.

"Baba, mvua inakuja," nikasema. "Itafuta damu. Twende sasa."

"Tukienda sasa atasimama," akasema. "Akisimama atakimbia, na atakimbilia huko kwenye watu. Aliyepigwa tumbo, ukimwacha, analala karibu na maji. Ukimfuata, unampa miguu. Keti."

Mvua ikaja, ikatupiga. Ikaosha damu yote, nami nikaitazama ikioshwa, nimeketi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kufanya jambo gumu kuliko kuketi pale. Bukuru akamgeukia Mzee. "Baba, naomba kuuliza. Kwa nini hukumpa mbuzi tu siku ya ubatizo?"

Nilidhani atapigwa. Mzee akajipangusa maji usoni, akatazama chini.

"Hata mimi nilikuwa siuwezi," akasema. "Miaka minne siuwezi. Huu ninaotembea nao nimeukwangua kila mwaka, umebaki kama ufito. Ule sikutaka kuukwangua. Nilikuwa kijana nilipouchonga. Nikaona afadhali uende kwa mwenye mkono." Akakamua mkono wa shati. "Sikumuuliza kama mkono anao."

Hatukutazamana. Sisi wawili tulikuwa tumebeba siri moja, kila mtu upande wake, na mnyama ndiye aliyeilipia.

Mvua ilipokatika, saa nne hivi, tukashuka. Damu haikuwapo kweli. Lakini udongo ulikuwa laini, na alama za kwato za kabla ya mvua zilikuwa zimejaa maji kama vikombe vidogo vilivyopangwa. Mbele kidogo, tope jipya kwenye nyasi, kimo cha goti, alipopita akijikwaruza. Kisha harufu. Mzee akainua mkono. Katikati ya matete, hatua kumi na tano, sikio moja lilikuwa linacheza.

Alikuwa amelala, kichwa upande wa njia ya maji. Njia yenyewe ilikuwa hatua chache mbele yake.

Aliyeanza ndiye humaliza, hilo nalo ni sharti. Nikainua ule upinde mweusi. Mzee akauteremsha kwa kidole kimoja, akanipa wake. Ufito kweli, mwepesi, upote wa nailoni una masizi. Nikavuta mpaka shavuni, na mkono ukatulia. Nikangoja. Dume akasikia kitu, akajiinua miguu ya mbele, bega likafunguka. Nikasubiri mguu utangulie, ndipo nikaachia. Mshale ukapotea wote nyuma ya bega. Alikwenda hatua kumi, akaanguka, hakulia.

Tukaketi, kama kawaida. Kisha Bukuru akapanda juu akapiga mluzi, na nikasikia ndoo za wanawake zikigongana zikishuka, na mmoja akiuliza kwa sauti kama nguruwe ameshamaliza kuoga.

Pale pale Mzee akavunja chupa aliyoiokota, akaketi kwenye jiwe, akauweka upinde mweusi magotini. Upinde hukwanguliwa upande wa ndani tu, ule unaokutazama ukivuta. Unakwangua kidogo mkono wa juu wa upinde, kidogo mkono wa chini, unavuta, unatazama kama yote miwili inakunjika sawa. Ukizidisha upande mmoja umeuua. Alikwangua mara ya kwanza, akaacha, akafumba macho. Kisha akanipa kile kipande cha chupa. "Malizia," akasema. "Ni wako."

Nyama iligawiwa mchana. Aliyempiga mnyama vibaya hali nyama yake, hata akija kummalizia. Paja la nyuma ni la mwenye upinde uliomwangusha, kwa hiyo lilikuwa la Mzee. Mtendaji akaandika, watu wakabeba vifurushi vyao kwenye majani ya mgomba, nami nikaenda nyumbani mikono mitupu. Mama Yona alinitandikia mkeka. Alikuwa amepika maharage na ugali wa muhogo. Akaniwekea.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee, peke yake, shati la kanisani limejaa tope. Mama Yona akainuka haraka, maana kwao baba mkwe na mkwe hawali sahani moja, akaanza kutafuta kiti cha kumweka kando.

"Paja liko wapi, baba?" akauliza.

"Bukuru amempelekea mama yako. Hapa mmepika nini?"

"Maharage, baba. Maharage tu."

"Lete maji."

Akanawa. Akakiacha kile kiti, akaketi mkekani upande wangu, akavuta sahani ikae katikati yetu. Akamega tonge, akachovya, akala. Mama Yona alisimama mlangoni na birika la maji mkononi, amesahau kuliweka chini. Nami nikamega.